Je, Wajua? Kanyangi Imo Ndani ya Neno la Kiingereza

Je, wajua kwamba herufi zote nane za Kanyangi, wadi ya eneo bunge la Kitui Rural, zimo ndani ya neno moja la Kiingereza? Neno lenyewe ni “painstakingly”, yaani kwa bidii na uangalifu mkubwa. Hesabu mwenyewe: A mbili, N mbili, K, Y, G na I. Zinazobaki ni P, I, S, T na L.

Siri ya kulipata ni kuanza na herufi adimu. Katika Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno wenye vipande 100 vya herufi, K ni kimoja tu na Y ni viwili. Hizo ndizo zinazochuja maneno upesi. Halafu tazama mkiani. Ukiona I, N na G, jaribu “-ing”. Ukiona Y, iongezee L upate “-ly”. Kanyangi inakupa mikia yote miwili kwa pamoja, “-ingly”, na hapo kazi imekwisha nusu.

Kaunti ya Makueni nayo imo katika “unmistakable”, Kitui katika “multitasking”.

Mchezo wa kupanga herufi una heshima yake: mwaka 2017 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya WESPA, chama cha dunia cha wachezaji wa Scrabble ya Kiingereza. Walimu, uleteni darasani. Chaki na ubao vinatosha, na watoto watajifunza tahajia bila kukariri.

Sasa zamu yako, msomaji. Chukua Kisasi, wadi nyingine ya Kitui Rural. Neno lipo, lina herufi 11, na linaanza na M.