Mkono Mfupi Ulingoni

Mizani ya ndondi hupima kilo, haipimi mikono. Kwa sababu hiyo, kijana wako anayejinoa hapa Sikonge kwa kulipiga gunia lililojazwa maranda ya mninga na kutundikwa mwembeni, anaweza kwenda Tabora mjini, akapimwa na kuambiwa kwamba yeye na mpinzani wake wako sawa, kisha akapanda ulingoni na kukuta mbele yake mtu mrefu, mwembamba, mwenye mikono kama miti ya kuangulia maembe. Raundi ya kwanza itakwisha akiwa amepigwa pua mara kumi, na yeye hajamgusa mwenziwe hata mara moja. Atarudi kwenye kona yake akiamini kwamba amedhulumiwa na maumbile.

Hebu tuipime dhuluma hiyo kwa futi ya fundi cherehani. Bondia hupimwa akiwa amenyosha mikono yote miwili pembeni, kutoka ncha ya kidole cha mkono mmoja hadi ncha ya mwingine. Muhammad Ali alikuwa na inchi 78. Joe Frazier alikuwa na inchi 73. Tofauti ni inchi 5, na ukizigawa kwa mikono miwili, kila mkono unapata inchi mbili na nusu tu, yaani kama urefu wa kidole gumba cha mtu mzima. Ugomvi wote ni juu ya kidole gumba hicho.

Tarehe 8 Machi, 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Frazier alimshinda Ali kwa pointi baada ya raundi 15, na katika raundi ya mwisho alimwangusha chini. Ali ndiye huyo huyo aliyefika Dar es Salaam Februari, 1980, akitumwa na Rais Carter wa Marekani kutushawishi tuisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, akaondoka mikono mitupu. Timu yetu ikaenda.

Frazier alizaliwa mwaka 1944 katika familia ya wakulima huko Beaufort, jimbo la South Carolina. Gunia lake la kwanza halikuwa bora kuliko la Sikonge: alilijaza matambara, magunzi ya mahindi na majani, akatia tofali katikati, akalitundika mtini. Utotoni alianguka alipokuwa akimkimbia nguruwe, akaumia mkono wa kushoto, na mkono huo haukunyooka tena sawasawa. Basi mkono uliokuwa mfupi ukazidi kuwa mfupi! Lakini mkono uliokwisha kupinda uko tayari kwa ngumi ya kupinda, nayo ndiyo iliyomwangusha Ali. Eddie Futch, mmoja wa walimu wake, alikuwa ameona kwamba Ali anapotaka kupiga ngumi ya kulia kutoka chini kwenda juu, mkono huo huacha kidevu bila mlinzi. Frazier aliingoja nafasi hiyo.

Sasa turudi mwembeni. Wakazi wa Sikonge wanawajua warina asali. Mrina asali ama yuko mbali na mzinga, ama mkono wake umo ndani ya mzinga. Anayesitasita katikati ndiye anayeumwa. Kwa bondia mfupi mambo ni hayo hayo. Umbali wa kati, pale ambapo ngumi ya mrefu inafika na yake haifiki, si mahali pa kusimama hata kwa sekunde mbili. Awe nje kabisa, au awe ndani kabisa, kifuani mwa mwenziwe, ambako mikono mirefu hukosa nafasi ya kujikunjua.

Njia ya kuingia hufundishwa kwa kamba. Ifungwe kutoka mwembe hadi mwembe, kimo cha mabega ya kijana, naye aende mbele akipita chini yake, kushoto, kulia, kushoto, akikunja magoti na si mgongo, macho yakitazama mbele. Dakika tatu, apumzike moja, arudie. Kila anapopita chini ya kamba, ajione kama anapitwa na ile ngumi iliyonyooka juu ya bega lake. Wazee wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo hawakuhitaji kuambiwa kwamba njia hufupishwa na miguu.

Asimfuate mrefu nyuma nyuma kuzunguka ulingo, maana atachoka bure. Apige hatua za upande, amfungie njia mpaka kwenye kona. Akishaingia, apige mbavu na tumbo kwanza. Na akitaka kutoka, asirudi kinyumenyume akiwa wima, kwani mkono mrefu utamkuta njiani; atoke kwa upande, au abaki humo humo mpaka mwamuzi awaachanishe.

Hata hivyo, mzazi, sitaki nikufiche jambo. Njia hii hulipiwa kwa kichwa. Frazier alishinda mwaka 1971 na bado akalazwa hospitalini. Kijana anayeingia ndani atapigwa wakati wa kuingia, hata akiwa hodari, na akirudi nyumbani akilalamika kuumwa kichwa, au akiwa amesahau mambo ya jana, mpeleke kwa daktari, wala asirudi kwenye mazoezi ya kupigana kwa kuwaonea haya wenzake.

Tarehe 1 Oktoba, 1975, huko Manila, Ufilipino, Frazier na Ali walipigana mara ya tatu. Baada ya raundi ya 14 jicho la kulia la Frazier lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na la kushoto, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, lilikuwa halioni vizuri kwa miaka mingi. Ilibaki raundi moja. Frazier alitaka kuendelea. Futch alikataa, akamketisha, akamwambia mwamuzi kwamba yamekwisha.

Kwa hiyo kabla kijana wako hajapanda basi la kwenda Tabora, pamoja na kumwuliza kama amejifunza kupita chini ya kamba, mwulize ni nani atakayekaa kwenye kona yake siku hiyo. Kisha nenda ukazungumze na mtu huyo.