Wayahudi wanapoketi chini kulia pamoja

Kitabu cha Maombolezo wengi wetu tunakijua kwa mistari michache ya sura ya tatu, ile ya fadhili za Bwana. Wayahudi wanakisoma chote kwa usiku mmoja, wakiwa wameketi chini. Ni usiku wa tarehe 9 ya mwezi wao wa Av, ambao huangukia Julai au Agosti. Wanakumbuka Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo, na lile la pili lililochomwa na Warumi mwaka 70.

Wiki tatu kabla, arusi husimama. Tangu tarehe 1 Av wengi huacha nyama na divai, isipokuwa siku ya Sabato. Halafu kufunga kwenyewe, tangu jua kutua mpaka usiku wa kesho yake: hawali, hawanywi, hawavai viatu vya ngozi, hata salamu huachwa. Torati nayo haisomwi kama kawaida, kwa sababu hufurahisha moyo. Husomwa Ayubu na sehemu za huzuni za Yeremia. (Sisi wachungaji tungeteseka, kuambiwa tuweke mahubiri yetu pembeni!)

Wala hawalilii Hekalu tu. Wameingiza humo mauaji ya Wayahudi wa bonde la Rhein mwaka 1096, na kufukuzwa Hispania mwaka 1492. Mtu wa leo analilia watu asiowajua hata majina, kwa desturi zinazofanana na za mtu aliyefiwa na mzazi wake. Taifa zima ni wafiwa. Hakuna aliyekuja tu kutoa pole.

Hapa kwetu mashariki, kwenye kilio, mara nyingi tunafika na neno la faraja kabla hatujaketi. Mama aliyepoteza watoto katika vita anaambiwa anyamaze, Mungu anajua. Maombolezo hayafanyi hivyo. Mstari wake wa mwisho unazungumza juu ya kukataliwa na Mungu. Wayahudi, wakishausoma, hurudia ule wa kabla yake, ombi la kurudishwa, ili wasiishie gizani. Lakini ule mgumu hawauruki.

Kesho yake adhuhuri huinuka sakafuni na kukaa vitini, njaa ingalipo. Sabato inayofuata husomwa Isaya 40, na faraja ya Isaya huendelea kwa Sabato saba, mpaka karibu na mwaka mpya wao.