Mohamed Watatu wa Zanzibar

Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960, na mwandishi wake ni Mohammed Said Abdulla. Nyota ya Rehema kilitoka mwaka 1976, cha Mohamed Suleiman Mohamed. Utengano kilitoka mwaka 1980, cha Said Ahmed Mohamed. Waandishi watatu, wote Wazanzibari, wote mabingwa wa riwaya, na majina yao yanapishana kwa herufi chache. Ukiyafupisha ndiyo balaa kabisa: M. S. Abdulla, M. S. Mohamed, S. A. Mohamed. Msomaji asiye na vitabu mkononi atampa Said kazi ya Mohamed, na Mohamed kazi ya Said, wala hatajua kwamba amedhulumu mtu.

Nasema kudhulumu kwa sababu watu hawa hawafanani hata kidogo, na kila mmoja ameifanyia lugha yetu jambo ambalo wenzake hawakulifanya.

Tumwanze mkubwa wao. Mohammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia kwenye magazeti, na miaka mingi alihariri Mkulima, jarida la mambo ya kilimo. Katika mashindano ya uandishi ya 1957-1958, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, hadithi yake ilishika nafasi ya kwanza. Ndiyo iliyochapishwa miaka miwili baadaye kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Humo ndimo wasomaji walipokutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni na akili isiyopokea jambo kwa kuambiwa tu. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanaanza kunong'ona habari za mashetani, na Bwana Msa anawauliza maswali ya saa, ya nyayo, ya nani alikuwa wapi.

Kabla ya hapo hadithi nyingi za Kiswahili zilikuwa za masimulizi ya kale au za mafunzo ya maadili. Abdulla alileta fumbo linalofumbuliwa kwa hoja, tena katika Kiswahili cha mazungumzo ya barazani, chenye utani na ubishi wa watu wanaojuana. Kisima cha Giningi kikafuata mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa na Kosa la Bwana Msa. Wapo wanaomwita mwigaji wa Conan Doyle, aliyemwandika Sherlock Holmes. Kiko ni kweli kimetoka huko, na hata Najum, rafiki anayefuatana na Bwana Msa, ana asili ya huko. Lakini ushirikina anaopambana nao Bwana Msa ni wa kwetu, na fitina za mirathi na nasaba zinazozaa mauaji katika vitabu hivyo ni za kwetu vilevile. Abdulla alifariki mwaka 1991.

Mohamed Suleiman Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1945, hana mpelelezi wala fumbo. Kitabu chake Kiu, cha 1972, kina Bahati, msichana mzuri, kina Mwinyi, mzee tajiri anayemtamani, na kina Idi, kijana aliyesimama kati ya mapenzi na pesa. Nguvu ya riwaya hiyo haiko kwenye tukio. Iko kwenye moyo wa mtu anayejua kwamba anatenda ubaya na bado anautenda. Miaka minne baadaye Nyota ya Rehema ikaenda mbali zaidi. Rehema ni binti wa Fuad, mtu wa mashamba na mali, lakini nyumbani kwa baba yake hapati nafasi ya mtoto. Anakuja kupata utu wake shambani, kwa Sulubu, mkulima asiye na jina mjini. Rangi, nasaba, ardhi na haki ya mwanamke, yote yamo, na hakuna hata ukurasa mmoja unaohubiri. Alitoa pia mkusanyo wa hadithi fupi, Kicheko cha Ushindi. Kwa maoni yangu, sentensi zake ni miongoni mwa sentensi nzuri kuliko zote zilizoandikwa kwa Kiswahili cha nathari, na ndiyo maana inaniuma zaidi yeye anapochukuliwa kuwa mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine ni Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1947. Yeye hakutosheka na uwanja mmoja. Riwaya: Asali Chungu, Dunia Mti Mkavu, Utengano, Kiza Katika Nuru, Tata za Asumini. Mashairi: Sikate Tamaa, Kina cha Maisha, Jicho la Ndani. Tamthilia: Amezidi, Kitumbua Kimeingia Mchanga. Alisomea shahada ya uzamivu Leipzig, akafundisha Kenya, Japani na hatimaye Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Wanafunzi wengi wa Kenya wanamjua kwa Utengano, kitabu kilichotahiniwa katika shule za sekondari, chenye Maimuna anayekimbia nyumba ya baba yake, Bwana Maksuudi, mwanasiasa anayewafungia wanawake wake ndani. Baadaye, katika Babu Alipofufuka (2001) na Dunia Yao (2006), aliuvunja mtindo aliouzoea na kuandika riwaya ambamo wafu wanazungumza na uhalisia hauna mipaka. Wengine walimlaumu kwa ugumu. Mimi namheshimu kwa kukataa kujirudia.

Kwa nini basi watu hawa wachanganywe? Chanzo kimoja ni desturi yetu wenyewe, na desturi hiyo haina kosa lolote. Pwani mtu hubeba jina lake, la baba yake, kisha la babu yake, na mara nyingi mjukuu hupewa jina la babu ili lisipotee. Tazama marais wa Zanzibar: Abeid Amani Karume alimzaa Amani Abeid Karume. Kwa hesabu hiyo, majina machache yanayopendwa na Waislamu yanazunguka ndani ya kila ukoo, na Mohamed ndilo linaloongoza. Mtaani hakuna anayepotea. Watu husema Mohamed wa Makunduchi, Mohamed mwalimu, Mohamed wa Bi fulani, na mambo yanakwisha.

Kosa linaanza pale mfumo wa Ulaya wa jina la ukoo unapobandikwa juu ya majina haya. Katalogi za maktaba na tasnifu za vyuo vikuu huchukua jina la mwisho na kulitanguliza. Said anageuka kuwa "Mohamed (1980)", yaani anaitwa kwa jina lisilo lake, na jirani yake kwenye orodha ni "Mohamed (1976)", ambaye ni mtu mwingine kabisa. Abdulla naye anaitwa kwa jina ambalo hakuna mtu wa Makunduchi angemwitia. Shaaban Robert angekuwa "Robert" tupu, lakini wasomaji wa Kiswahili wamekataa, wakashikilia majina yote mawili mpaka leo. Tumeweza kwa huyo, tutashindwaje kwa hawa?

Tahajia nayo inaongeza mkanganyiko. Mohammed, Muhammed, Mohamed: mwandishi huyo huyo anaonekana kwa sura mbili au tatu, kutegemea nani aliandika. Na ukimtaja "Mohamed Said" bila nyongeza, wasomaji wa Dar es Salaam watamfikiria mwanahistoria aliyeandika maisha ya Abdulwahid Sykes, kitabu kilichotoka London mwaka 1998 na kuzua mjadala mkubwa kuhusu waasisi wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Huyo ni wa nne, na uwanja wake ni historia, si riwaya.

Dawa yake ni rahisi, haihitaji hata shilingi. Wachapishaji, andikeni majina yote matatu kwenye jalada, kwa mpangilio aliozaliwa nao mwandishi, na tahajia moja kwa vitabu vyake vyote. Walimu, mnapotunga maswali msiandike "M. S. Mohamed" mkadhani mtoto ataelewa. Wakutubi, wekeni mwaka wa kuzaliwa pembeni ya jina: 1918, 1945, 1947. Na wewe msomaji, ukipata nafasi mwishoni mwa wiki hii, anza na Nyota ya Rehema, kwa sababu mwandishi wake ndiye anayesahaulika zaidi kati ya hao watatu.