Kuunganisha kompyuta ya gari na redio ya kiwandani

Kuunganisha kompyuta ya gari na redio ya kiwandani ni kazi ya kupitisha sauti kutoka kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya gari hadi kwenye redio iliyokuja na gari hilo, bila kuiondoa redio hiyo. Kompyuta huweza kutunza muziki, kuonyesha ramani au kusoma hali ya injini. Redio ya kiwandani tayari ina amplifaya, spika na vitufe, kwa hiyo kinachotafutwa ni mlango wa kuingizia sauti. Redio nyingi za zamani hazikuwekewa mlango huo.

Wenye magari huiacha redio ya kiwandani kwa sababu kadhaa. Katika magari mengine redio ina umbo lisiloweza kujazwa na redio ya dukani, au imeshikamana na vitufe vya kiyoyozi. Mahali pengine vitufe vya usukani huacha kufanya kazi redio ikibadilishwa.

## Historia

Mwaka 1930 kampuni ya ndugu wa familia ya Galvin huko Chicago, Marekani, ilianza kuuza redio ya gari kwa jina la Motorola. Kaseti ndogo ya Philips ilitokea mwaka 1963, na vicheza CD vya magari viliingia sokoni mwaka 1984. Kila hatua iliongeza chanzo kipya cha sauti ndani ya redio yenyewe, si nje yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 muziki wa MP3 ulibadilisha hali hiyo. Clarion ilitoa AutoPC mwaka 1998, na mwaka 1999 kampuni ya empeg ya Uingereza iliuza kicheza muziki cha gari kilichotumia Linux. Bodi za Mini-ITX za VIA, zenye upana wa sentimita 17 kwa 17, zilitokea mwaka 2001 na kupendwa na waliojitengenezea kompyuta za magari. Tangu mwaka 2012 bodi ya Raspberry Pi imefanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi.

## Viwango vya sauti

Sauti husafiri katika waya kama umeme unaopandashuka. Tundu la visikizi la kompyuta hutoa takriban volti 1 sauti ikiwa juu kabisa. Hiki ni kiwango kidogo, kinachofaa kuingia katika amplifaya. Nyaya zinazotoka kwenye redio kwenda kwenye spika hubeba umeme mkubwa zaidi, uliokwisha kukuzwa.

Kosa baya zaidi ni kuchanganya viwango hivi viwili. Tundu la kompyuta halina nguvu ya kusukuma spika ya omu 4. Tena, katika redio nyingi za kisasa nyaya zote mbili za spika husukumwa na amplifaya: kila mmoja hukaa kwenye takriban nusu ya volti za betri, na hakuna ulio wa chini, yaani uliofungwa kwenye bodi ya gari. Anayeunganisha waya hasi wa spika na bodi ya gari, au na waya wa chini wa kompyuta, anaweza kuunguza amplifaya ya redio kwa muda mfupi.

## Njia za kuunganisha

Tundu la AUX. Ndiyo njia rahisi kuliko zote. Waya wenye plagi ya milimita 3.5 hutoka kwenye kompyuta na kuingia kwenye redio. Sauti ya kompyuta hupandishwa karibu na mwisho, lakini isifike kiwango cha kukwaruza, kisha redio ndiyo inayoongeza au kupunguza.

Mlango wa kibadilisha CD. Redio nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zina plagi nyuma kwa ajili ya sanduku la CD lililokaa kwenye buti. Kuingiza sauti kwenye pini zake pekee hakutoshi, kwa sababu redio hufungua njia ya sauti baada tu ya kupokea ujumbe wa kidijiti kwamba sanduku lipo. Kwa hiyo hutumika adapta inayojifanya sanduku hilo. Lugha ya ujumbe hutofautiana kati ya watengenezaji, na adapta ya aina moja ya gari haifai nyingine.

Adapta ya kaseti. Ni kaseti isiyo na utepe, yenye kichwa kidogo cha sumaku kinachogusana na kichwa cha redio. Sauti hupita kwa usumaku. Haihitaji kufungua dashibodi, ila hutegemea uzima wa mashine ya kaseti.

Kurusha kwa FM. Kifaa kidogo hurusha sauti kwa mawimbi ya FM, na redio huipokea kama kituo. Sauti huishia karibu na kilohezi 15, na kituo chenye nguvu kinaweza kuifunika gari likiwa safarini. Nguvu ya vifaa hivi hudhibitiwa na sheria. Uingereza iliviruhusu mwaka 2006 kwa kikomo cha nanowati 50. Aina nyingine huunganishwa kwa waya kati ya antena na redio. Hiyo hukata antena wakati wa kusikiliza kompyuta, na hivyo sauti huwa safi zaidi.

Bluetooth na USB. Redio mpya hupokea sauti kwa Bluetooth bila waya. Mlango wa USB wa redio, kwa upande mwingine, mara nyingi husoma mafaili tu. Kompyuta ikichomekwa hapo haitambuliwi.

Mitandao ya nyuzi za kioo au plastiki. Kuanzia BMW 7 Series ya mwaka 2001, baadhi ya magari ya bei kubwa hubeba sauti kama mwanga katika mtandao wa MOST. Hapo hakuna waya wa shaba wa kuunga. Vifaa vimepangwa katika duara, na duara likikatika mfumo wote hunyamaza.

## Magari yaliyotoka Japani

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Kenya, Tanzania na Uganda hutoka Japani, na redio zake huleta tatizo la pekee. Japani ilitenga megahezi 76 hadi 90 kwa FM, na baadaye ikaongeza hadi 95. Katika Afrika Mashariki vituo viko kati ya 87.5 na 108. Redio ya Japani ya kizamani hupata sehemu ndogo tu, kutoka 87.5 hadi 90.

Wengi hufunga kipunguza masafa kati ya antena na redio. Kifaa kinachopunguza megahezi 15 hufanya kituo cha 98.4 kisikike kwenye 83.4. Jambo hili humgusa anayetaka kurusha sauti ya kompyuta kwa FM. Bila kipunguza masafa, kirushaji lazima kiwekwe kati ya 87.5 na 90. Kikiwapo cha megahezi 15, mawimbi yanayoingia kwa antena yakiwa 88.1 huangukia 73.1, nje ya uwezo wa redio. Hapo kirushaji huwekwa kati ya 91 na 105, na redio kwenye namba iliyo chini kwa 15. Wengi hudhani kirushaji ni kibovu kumbe hesabu hii ndiyo iliyoachwa.

Redio nyingine zenye ramani hujifunga na kudai namba ya siri betri inapotenganishwa. Kama namba hiyo ilibaki kwa mwenye gari wa kwanza, redio inaweza kubaki kimya. Ni vema kujua jambo hili kabla ya kulegeza waya wa betri.

## Umeme wa kompyuta

Betri ya gari huitwa ya volti 12, lakini injini ikizunguka umeme hufika kati ya 13.8 na 14.4. Wakati wa kuwasha injini unaweza kushuka chini ya volti 9, na kompyuta hujizima. Betri ikichomoka alternata ikiwa inachaji, volti huruka ghafla mara kadhaa ya kiwango cha kawaida. Kwa sababu hiyo kompyuta haiungwi moja kwa moja na betri. Hupitia kigeuzi cha umeme kilichotengenezwa kwa ajili ya magari, na fyuzi huwekwa karibu na betri.

Redio ina waya wa umeme wa kudumu na waya unaopata umeme ufunguo ukigeuzwa. Katika plagi ya kawaida ya ISO 10487, pini A4 ni ya kudumu, A7 ni ya ufunguo na A8 ni ya chini, ingawa katika baadhi ya magari A4 na A7 zimebadilishana. Magari mengi ya Japani hayatumii plagi hiyo, hivyo kila waya hupimwa kwa mita. Waya wa ufunguo hutumika kuiarifu kompyuta ijifunge taratibu. Ikikatiwa umeme ghafla, mafaili katika kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika.

Kompyuta inayotumia wati 20 huvuta takriban ampea 1.7. Ikiachwa ikiwaka katika gari lililozimwa, humaliza nusu ya betri ya ampea-saa 45 kwa muda wa saa 13. Usiku mmoja na asubuhi yake hutosha kumwacha dereva akisukuma gari.

## Mlio wa alternata

Mlio mwembamba unaopanda kadiri injini inavyoongezewa mafuta ni lalamiko la kawaida. Husababishwa na kompyuta na redio kufungwa kwenye bodi ya gari mahali tofauti. Volti za mahali hapo hazilingani kabisa, na tofauti hiyo hupita katika waya wa sauti na kukuzwa na amplifaya.

Kipimo chake ni rahisi: kompyuta huendeshwa kwa betri yake yenyewe. Mlio ukitoweka, chanzo ni njia ya umeme. Dawa ya kwanza ni kufunga nyaya za chini za vifaa vyote mahali pamoja, penye chuma kilichokwanguliwa rangi. Mlio ukibaki, transfoma ndogo ya kutenganisha huwekwa katika waya wa sauti.

## Usalama

Betri hutenganishwa kabla ya kufungua dashibodi, isipokuwa jambo la namba ya siri halijatatuliwa. Plagi na nyaya za rangi ya njano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, na haziguswi wala kupimwa kwa mita. Kompyuta na nyaya zake hufungwa imara, mbali na kanyagio na mahali mfuko wa hewa unapofungukia, na skrini haiwekwi mahali pa kumziba dereva asione barabara.