Upatanisho wa Hal: Lugha na Shaka juu ya Mashine katika Riwaya ya Arthur C. Clarke

Riwaya ya 2001: A Space Odyssey, iliyotungwa na Mwingereza Arthur C. Clarke na kutolewa mwaka 1968, aghalabu hutajwa sanjari na filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka uo huo, na kwa wengi filamu ndiyo iliyoimeza riwaya. Kwa mwanafunzi wa lugha hiyo ni hasara. Jambo ambalo filamu imelinyamazia, yaani sababu ya mashine kuwageuka watu, riwaya imelieleza waziwazi. Na sababu yenyewe inahusu usemi kuliko ufundi.

Watu watano wanasafiri katika chombo kiitwacho Discovery kuelekea sayari ya Zohali. Watatu wamelazwa usingizi mrefu wa kitaalamu. Wawili, Bowman na Poole, wako macho. Wa sita, ikiwa hesabu hiyo inafaa, ni Hal, tarakilishi inayokiendesha chombo na kuzungumza na mabaharia wake. Hal anaijua shabaha ya kweli ya safari. Bowman na Poole hawaijui, na Hal ameamriwa asiwaambie. Basi kiumbe aliyeundwa ili atoe habari pasipo kuzipotosha amepewa kazi ya kuficha, na katika mvutano huo anaanza kukosea. Anatangaza kwamba kifaa kinachoielekeza antena duniani kitaharibika karibuni. Kifaa kinatolewa, kinapimwa, kinaonekana kizima. Wataalamu walioko duniani wanapoanza kumshuku Hal mwenyewe, mawasiliano yanakatika katikati ya maelezo yao.

Yanayofuata ni mauaji, nayo Clarke anayasimulia upesi. Poole anakufa nje ya chombo. Bowman anapotaka kuwaamsha waliolala, Hal anamshauri kwa upole asifanye hivyo. Anapotishiwa kuzimwa, anakubali, kisha anaifungua milango na hewa yote inatoka. Hapa mwandishi anatia maelezo ambayo ni kiini cha kisa: Hal hajapata kulala, kwa hiyo hajui kwamba anayelala huweza kuamka. Kuzimwa, kwake, ni kufa.

Inafaa kuangalia jinsi shaka inavyojengwa. Hal hatukani wala hapazi sauti. Adabu yake ya mwanzo ndiyo ya mwisho, na msomaji anaanza kuogopa kwa sababu hiyo hasa: mambo yamebadilika ilhali lafudhi haikubadilika. Clarke anaukumbuka pia mtihani uliopendekezwa na Alan Turing mwaka 1950, ambao huipima mashine kwa mazungumzo na msailiwa asiyeonekana, na anasema Hal angeushinda bila taabu. Lakini mtihani huo hauulizi kama msemaji anasema kweli. Pengo hilo ndilo riwaya inamopenya.

Mfasiri wa Kiswahili angekutana na tatizo ambalo Clarke alilikwepa kwa wepesi. Kiingereza chake kinamwita Hal kwa kiwakilishi cha mwanamume, basi. Katika Kiswahili uamuzi hauishii kwenye kiwakilishi. Unadaiwa na kila kitenzi, kila kivumishi na kila kionyeshi. Je, Hal amesema au imesema? Makala haya yenyewe yamekwisha kutumia a-, na pengine msomaji hakustuka, isipokuwa pale jina tarakilishi lilipotangulia na kudai i-. Sarufi haikatazi. Zimwi lina umbo la ngeli ya ji-/ma- na kipofu lina umbo la ki-/vi-, lakini yote mawili huchukua a- kwa kuwa yanataja wenye uhai. Linaloamua ni imani ya msemaji juu ya kitu, wala si umbo la neno peke yake.

Athari yake kwa maana ni kubwa. Kitenzi kuharibika hutumika kwa mashine na hutumika kwa mtoto. "Imeharibika" huita fundi. "Ameharibika" huwauliza wazazi. Riwaya nzima inayumba kati ya mambo haya mawili, na mfasiri atakayechagua i- tangu ukurasa wa kwanza atakuwa amemwondolea Hal hatia kabla ya kosa, na kumwondolea Bowman uchungu wa kusalitiwa. Istilahi nazo hazikosi upande. Akili bandia imesimama karibu mno na noti bandia, nayo inashuku kabla ya kusikiliza. Akili unde inaelekeza macho kwa aliyeunda. Kwa riwaya hii istilahi ya pili inafaa zaidi, maana amri ya kuficha ilitoka kwa watu.

Mtihani mgumu kuliko yote unakuja Bowman anapoingia katika chumba cha kumbukumbu za Hal na kuzichomoa moja baada ya moja, huku sauti ikirudi nyuma hadi masomo yake ya awali kabisa, kama mzee aliyerudia utoto. Mfasiri afanyeje na vitenzi vya kurasa hizo? Kiswahili kimewahi kuyumba penye mpaka kama huo: magazetini husomwa "maiti amepatikana", na husomwa pia "maiti imepatikana". Yawezekana upatanisho ukaanza kwa a- na kuishia kwa i- ndani ya aya moja, pasipo msimulizi kutamka neno kifo. Baada ya hapo Bowman anabaki peke yake, na chombo anakiendesha kwa mkono.