Leza Inasoma Ngozi ya Jiwe, Haisomi Tumbo

“Mwalimu, hiyo bunduki ya leza inaona dhahabu iliyo chini?”

Aliyeniuliza ni mzee mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, pale Buhemba, wilayani Butiama, vumbi la mawe limemkaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameonyeshwa video kwenye simu: mtu anaelekeza kidude kama bastola kwenye mwamba, kioo chake kinaandika “Au”, alama ya dhahabu, na bei iliyotajwa ingemtosha kununua karasha ya pili. Nikamwambia haioni chini. Akasonya, nadhani alikuwa anamsonya muuzaji.

Lakini kidude chenyewe si utapeli. Kinafanya kazi kwa kanuni ambayo mtu yeyote mwenye jiko la gesi ameshaiona. Sufuria ya maharage yenye chumvi ikifurika, moto wa bluu hugeuka manjano. Manjano ile ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi: atomu zake zikipata joto hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589. Shaba hutoa kijani, na kila elementi ina rangi zake ambazo haiazimi kwa jirani. Ukizitenganisha rangi hizo na kuzipima moja moja, unajua ndani ya moto mna nini. Kazi hiyo ndiyo spektroskopia.

Leza inaleta moto wenyewe. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Marekani mwaka 1960, na kufikia 1962 tayari kulikuwa na watafiti walioitumia kuchoma sampuli ili wasome mwanga wake. Pigo moja hudumu sehemu ya bilioni moja ya sekunde, au chache za namna hiyo. Nguvu yote inakusanywa kwenye nukta ndogo kuliko kichwa cha pini, na jiwe pale linageuka plazma, yaani gesi ya moto iliyopita nyuzi joto 10,000. Cheche inapopoa, atomu zinatoa rangi zake. Dhahabu, kwa mfano, ina mstari wake kwenye nanomita 267.6, ambao jicho la binadamu haliuoni. Gari la Curiosity, lililotua kwenye sayari ya Mirihi mwaka 2012, hupiga mawe kwa njia hii kutoka umbali unaofika mita 7. Kwa hiyo yule muuzaji wa kwenye simu hakudanganya kuhusu fizikia. Alidanganya kuhusu Buhemba.

Tufanye hesabu pamoja. Jiwe lenye gramu 5 za dhahabu kwa tani ni jiwe ambalo mchimbaji hawezi kulitupa. Gramu 5 kwa tani ni sehemu 5 katika milioni, kiasi ambacho bunduki ya mkononi inahangaika nacho hata dhahabu ingekuwa imetawanyika sawasawa. Nayo haitawanyiki sawasawa. Imekaa punje punje, hapa ipo, pale hakuna. Leza inachoma nukta isiyofika milimita, tena juu juu tu, mikroni chache. Piga mara mia kando ya punje, mashine itasema jiwe ni tupu. Bahatisha ukipige kipunje kimoja, itasema jiwe zima ni mali, na mtu atauza ng’ombe kwa ajili ya shimo lililotoa jiwe hilo.

Ndiyo maana nawasihi wachimbaji wajali sampuli kuliko mashine. Mawe yasagwe yote, unga urundikwe kama kichuguu, ukandamizwe uwe bapa, ugawanywe robo nne, robo mbili za mkabala zitolewe, zilizobaki zichanganywe na kurundikwa tena. Rudia mpaka ubaki na kiasi cha kupeleka maabara. Kazi hii inachosha na haina video ya kuvutia. Lakini sampuli iliyochotwa kwa mkono mmoja pembeni mwa rundo haiwezi kuokolewa na kifaa chochote, kiwe cha leza au cha miali ya eksirei.

Baada ya kuchenjua mambo yanabadilika kidogo, kwa sababu sasa unapima bonge la metali na si mwamba. Katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, mashine ya kupima usafi wa dhahabu kwa kawaida ni ya eksirei. Hiyo nayo husoma sehemu ya juu tu. Leza ina faida moja: ukipiga palepale mara nyingi, kila pigo linachimba kidogo, hivyo bonge lililopakwa dhahabu nyembamba hujifichua. Ila ganda likiwa nene, leza imeshindwa.

Hapo ndipo ninapotoa bakuli la maji. Pima bonge hewani, tuseme gramu 20. Lifunge kwa uzi, lizamishe ndani ya maji lisiguse chombo, pima tena. Mzani ukisoma 18.8, limepungua gramu 1.2. Gawanya 20 kwa 1.2, unapata karibu 16.7, yaani uzito wa bonge ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule. Dhahabu safi ni 19.3 na fedha ni 10.5, basi kama kilichochanganyika ni fedha, bonge lako lina dhahabu karibu asilimia 80. Maji, tofauti na leza, yanapima hadi tumboni. Mtego wake ni tangsteni, yenye uzito unaokaribia sana huo wa dhahabu. Ndiyo sababu mnunuzi makini hategemei kipimo kimoja.

Sasa nije kwenye leza ambayo kweli ningependa kuiona mkoani Mara. Haitafuti dhahabu. Inatafuta zebaki.

Kwenye mialo ya kuchenjulia, zebaki hukamata dhahabu, donge linakamuliwa kwenye kitambaa, kisha linachomwa. Karibu nusu ya donge bado ni zebaki. Inachemka kwenye nyuzi 357 na kuondoka, haina harufu, haina rangi. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Hewa ya chumba chenye zebaki iliyomwagika, ikishiba mvuke kwa joto la kawaida tu bila moto, inaweza kubeba zaidi ya mara 10,000 ya hapo. Sembuse jikoni, juu ya mkaa.

Mvuke huo jicho haliuoni, lakini kuna mwanga unaouona. Atomu ya zebaki hunyonya mwanga uleule inaoutoa, wa nanomita 253.7. Taa za kawaida za urujuanimno za kuua vijidudu ni za zebaki, hivyo taa moja ya aina hiyo na karatasi inayong’aa vinatosha: weka tone la zebaki kati ya hivyo viwili, na kwenye karatasi utaona kivuli cha moshi kikipanda kutoka kwenye tone ambalo kwa macho limetulia tuli. Nimewaonyesha wanafunzi, wakakaa kimya. (Usijaribu nyumbani, taa hiyo inaunguza macho.)

Leza inafanya hivyo kwa mbali. Unatuma rangi mbili angani, moja inayonyonywa na zebaki na nyingine ya pembeni kidogo isiyonyonywa. Tofauti ya mwangwi wa rangi hizo inakupa kiasi cha zebaki, na muda wa kurudi unakupa umbali: mwangwi wa mita 150 hurudi kwa sehemu ya milioni moja ya sekunde. Watafiti wa Lund, Sweden, walipima hivyo hewa ya Almadén, Hispania, mji uliokuwa na machimbo makubwa ya zebaki. Na leza za mwangwi si ngeni Tanzania. Mwaka 2016, wakati wa kupatwa kwa jua kwa Septemba 1, leza ilihesabu wadudu, mbu wakiwemo, hewani Lupiro, mkoani Morogoro. Aliyewahi kusimama Musoma akaona wadudu wa ziwani wamepanda kama moshi anajua huku hakukosekani kazi ya namna hiyo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere, na Buhemba iko wilaya hiyohiyo. Kituo cha kupima mvuke wa zebaki, hata kwa kuanza na kifaa cha taa kabla ya leza, kingekuwa na kazi kuanzia siku ya kwanza.

Nawe unayechoma donge leo, Buhemba, Kiabakari au Bunda, usisubiri kituo. Tumia ritoti, chombo cha chuma kilichofunikwa chenye bomba la kurudisha zebaki, na toa jiko nje. Watoto na mama mjamzito wasiwe karibu kabisa, na sufuria ya kuchomea isirudi kupikia ugali.