Mtoto akitaka kusoma uchumi Parramatta

Kijana akisema nyumbani kwamba anataka kusoma uchumi, swali la kwanza huwa: atafanya kazi gani? Daktari na mhasibu wanajulikana. Mchumi je?

Hapa Parramatta, magharibi mwa Sydney, jibu haliko mbali na kituo cha treni. Katika majengo marefu ya Parramatta Square zimo ofisi za serikali ya jimbo la New South Wales na za benki ya NAB. Sehemu kama hizo huajiri wahitimu wa uchumi, ila mara nyingi kwa jina la mchambuzi wa sera, wa takwimu au wa mikopo. Asiyeyajua majina hayo hulipita tangazo la kazi linalomhusu.

Sisi tungeanza na swali la ada. Mwaka 2021 uchumi uliwekwa katika kundi la masomo yenye ada ya juu kabisa, na mchango wa mwanafunzi ukapanda kutoka dola 11,355 za Australia hadi 14,500 kwa mwaka. Umezidi kuongezeka tangu hapo. Raia hukopeshwa na serikali, akalipa kupitia kodi kipato chake kikifikia kiwango kilichowekwa. Wenye viza ya kudumu ya kibinadamu, kama wakimbizi wengi kutoka Kongo, nao hukopeshwa. Lakini mkaazi wa kudumu aliyekuja kwa viza ya ujuzi hana mkopo huo: hutoa fedha taslimu kila muhula, mpaka apate uraia. Familia mbili za mtaa mmoja, hesabu mbili tofauti kabisa.